Kutoka Bomba la Maji Machafu Hadi Dirisha la Dawa

Mwaka 1945 Giuseppe Brotzu, profesa wa elimu ya afya mjini Cagliari, kisiwani Sardinia, alikwenda kuchota maji ya bahari pale pale bomba la maji machafu ya mji lilipokuwa likimwaga. Alikuwa ameona kwamba homa ya matumbo mjini mwake haina makali yaliyotarajiwa, akashuku kuwa kuna kitu majini kinachowadhibiti bakteria. Alichopata ni kuvu. Akaikuza kwa vifaa duni, na mwaka 1948 akachapisha matokeo katika jarida la taasisi yake mwenyewe, ambalo nje ya kisiwa ni nadra mtu kulisoma.

Habari ingefia hapo. Bahati nzuri Brotzu alifahamiana na daktari mmoja Mwingereza, na kwa njia yake kuvu ile ikafika Oxford mikononi mwa mwanasayansi Howard Florey. Edward Abraham na Guy Newton waliichambua mpaka wakapata sefalosporini C, na mwaka 1964 dawa ya kwanza ya ukoo huo ikaingia sokoni. Seftriaksoni, ile sindano ya unga kichupani ambayo wauguzi wa Afrika Mashariki huichanganya usiku na mchana, ni mjukuu wa maji yale machafu.

Historia ya dawa za bahari husimuliwa zaidi kwa sifa za wapiga mbizi na wanakemia. Mimi naona wenye kupeleka habari wamepunjwa.

Matabibu hawakungoja karne ya 20 ili kuitazama bahari. Al-Masudi, katika karne ya 10, aliandika habari za ambari iliyopatikana pwani ya Zanj, na Ibn Sina aliihesabu miongoni mwa dawa. Jongoo bahari wa pwani yetu wamekaushwa na kusafirishwa hadi China, ambako wengine huwala kama kitoweo na wengine kama tiba. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois, akitengeneza malighafi ya baruti kutokana na majivu ya mwani, aliona mvuke wa zambarau: hiyo ndiyo iodini. Miaka tisa baadaye daktari Jean-François Coindet wa Geneva akawa anawapa iodini wagonjwa wa tezi la shingo.

Mwaka 1945, ule ule wa Brotzu, mwanakemia Werner Bergmann aliokota sifongo katika bahari ya Florida. Ndani yake kulikuwa na viini vinavyofanana sana na vile vinavyojenga vinasaba vyetu, ila sukari yake ilikuwa ya namna nyingine. Kwa mfano huo wanakemia waliunda sitarabini: seli ya saratani huipokea ikidhani ni tofali la kawaida, kisha ujenzi wa vinasaba vyake hukwama. Marekani iliidhinisha sitarabini mwaka 1969 kwa saratani ya damu, na hadi leo haijapata wa kuiondoa wodini.

Mwaka huo huo, katika nchi hiyo hiyo, kulitokea jambo ambalo vitabu vya kemia havilitaji. Tangu 1952 kanuni za maadili za chama cha wafamasia wa Marekani zilimkataza mfamasia kuzungumza na mgonjwa juu ya kazi ya dawa aliyoandikiwa au vilivyomo ndani yake. Mgonjwa akiuliza, arudi kwa daktari. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1969. Kwa miaka 17 mtu aliyeijua dawa kuliko wote alitakiwa kunyamaza mbele ya aliyeimeza!

Miaka michache baadaye, Baldomero Olivera, Mfilipino aliyekuwa akichunguza sumu ya konokono wa jamii ya Conus ambao wamewahi kuua wavuvi, alikuwa na maabara katika Chuo Kikuu cha Utah. Mwanafunzi wake Craig Clark, kijana wa miaka 19, alipendekeza sumu hizo zidungwe moja kwa moja kwenye ubongo wa panya badala ya tumboni. Kila kijenzi kikaonyesha kazi yake: panya huyu alilala, yule alitetemeka, mwingine alijikuna. Mwanafunzi mwingine, Michael McIntosh, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka sekondari, alitenga kile kilichokuja kuwa zikonotidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Desemba 2004. Profesa angewapuuza vijana hao, au wao wangeona haya kusema, panya wangeendelea kudungwa tumboni.

Zikonotidi huingizwa kwa pampu katika maji ya uti wa mgongo, na inaweza kumfanya mgonjwa achanganyikiwe au aone visivyokuwepo. Ndugu zake wasipoelezwa mapema, watadhani ni wazimu, au karogwa.

Tatizo la upatikanaji wa malighafi za baharini nalo lilikuwa zito. Trabektedini, dawa ya saratani iliyotokana na mnyama laini wa Karibiani, ilihitaji takriban tani nzima ya wanyama hao kwa gramu moja, mpaka mbinu ya kuanzia na zao la bakteria ikapatikana. Konokono wengine, wa Mauritius, waliomvutia mwanakemia George Pettit mwaka 1972 walizaa, baada ya karibu miaka 40, sehemu yenye sumu ya dawa nyingine ya saratani, brentuksimabu vedotini. Bahari ilitoa ramani, viwanda vikajenga.

Tukirudi kwa wenye kupeleka habari, mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani lilitaja sifa saba za mfamasia, mojawapo ikiwa uwezo wa kuwasiliana. Vyuo vingi sasa huwapima wanafunzi kwa mgonjwa wa kuigiza. Nchini Tanzania mtihani huo una ugumu wake: elimu ya chuo hutolewa kwa Kiingereza, lakini dirishani mama anauliza kwa Kiswahili kwa nini ameandikiwa kutwa mara tatu ilhali nyumbani wanakula mara mbili. Mwanafunzi anayejua muundo wa sefalosporini anaweza kubabaika hapo.

Na si mgonjwa pekee anayepaswa kuelezwa. Seftriaksoni iliyochanganywa na lignokaini, dawa ya ganzi, ni ya msuli tu, haichomwi kwenye mshipa. Ya mshipani nayo haichanganywi na dripu yenye kalsiamu, na kwa mtoto mchanga kosa hilo limewahi kuua. Mfamasia mwanafunzi aliye zamu hana budi kumwambia hayo muuguzi mwenye haraka, aliyemzidi umri na uzoefu, kabla sindano haijajazwa.