Gari Lililotumika Kutoka Nje: Kokotoa Kodi Kabla ya Kutuma Fedha

Na Mwandishi Wetu, Songea

Mwananchi wa Mkoa wa Ruvuma anayekusudia kuagiza gari lililotumika kutoka nje ya nchi anashauriwa kukokotoa kodi kabla ya kutuma fedha kwa muuzaji. Bei inayooneshwa na wauzaji wa Japan, Uingereza au Falme za Kiarabu ni sehemu tu ya gharama. Kodi zinazolipwa gari linapofika nchini zinaweza kukaribia thamani ya gari lenyewe, hasa likiwa la zamani.

Kodi zinazotozwa

Msingi wa kodi ni thamani ya gari pamoja na bima na gharama ya kulisafirisha hadi bandarini. Kwa gari dogo la kutembelea, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutoza ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani hiyo. Ushuru wa bidhaa hufuata ukubwa wa injini: injini isiyozidi sentimita za ujazo (cc) 1,000 haitozwi, inayozidi cc 1,000 hadi cc 2,000 hutozwa asilimia 5, na inayozidi cc 2,000 asilimia 10. Baada ya hapo hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18. Zipo pia tozo ndogo, ikiwemo ya maendeleo ya reli, pamoja na ada ya usajili. Magari ya mizigo na ya abiria wengi yana viwango vyake.

Umri wa gari hubadili hesabu

Tofauti na Kenya, ambako gari lenye umri unaozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa, Tanzania haizuii gari la zamani bali hulitoza ushuru wa uchakavu. Gari dogo lenye umri wa miaka minane hadi kumi hutozwa asilimia 15 zaidi, na linalozidi miaka kumi asilimia 30.

Chukulia magari matatu yenye injini ya cc 1,490, kila moja likiwa na thamani ya Shilingi milioni 10 bandarini. La miaka saba litalipiwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT jumla ya Shilingi 5,487,500. La miaka tisa litalipiwa Shilingi 7,700,000, na la miaka kumi na moja Shilingi 9,912,500, kabla ya tozo ndogo na ada. Tofauti kati ya la kwanza na la tatu ni Shilingi 4,425,000. Hivyo, gari la zamani lililouzwa kwa bei nafuu laweza kumgharimu mnunuzi sawa na jipya zaidi, au hata kumzidi.

Umri huhesabiwa kuanzia mwaka gari lilipotengenezwa, si mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza huko litokako. Anayenunua mwishoni mwa mwaka azingatie kuwa gari laweza kufika baada ya Januari na kuingia katika kundi la ushuru mkubwa zaidi.

Aidha, ankara yenye bei ndogo haipunguzi kodi. TRA hutumia mfumo wake wa kuthaminisha magari yaliyotumika, unaopatikana katika tovuti ya Mamlaka hiyo. Mwananchi huingiza aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, kisha hupata makadirio ya kodi bila malipo.

Nyaraka na taratibu za forodha

Mwagizaji anatakiwa kuwa na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN), ambayo hutolewa bure. Jina lililo kwenye TIN lilingane na lililo kwenye ankara na hati ya shehena ya meli. Nyaraka nyingine ni cheti cha kufutwa kwa usajili katika nchi gari lilikotoka. Gari pia hukaguliwa ubora na usalama wake kwa mujibu wa matakwa ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kazi ya kutoa gari bandarini hufanywa na wakala wa forodha mwenye leseni. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka mzigo utolewe tamko la forodha ndani ya siku 21 tangu meli ilipoanza kushusha shehena. Gari lisilolipiwa kwa wakati huongezewa gharama za hifadhi, na hatimaye laweza kupigwa mnada. Mwananchi aliyetumia akiba yote kununua gari bila kutenga fedha za kodi yuko katika hatari ya kupoteza vyote.

Malipo yote ya Serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia benki au simu. Asikabidhiwe mtu yeyote fedha taslimu za kodi.

Usajili

Kodi zikishalipwa, TRA husajili gari na kutoa kadi ya usajili. Kibao cha namba huwa cha rangi ya njano kwa gari binafsi na nyeupe kwa gari la biashara. Gari lisianze safari ya Songea, iwe kupitia Iringa na Njombe au Masasi na Tunduru, kabla ya kuwa na namba na bima halali. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, anayeidai anatapeli.

Anayenunua gari lililokwisha kusajiliwa nchini ahakikishe umiliki unahamishwa kwa jina lake mapema. Bila hivyo, faini za barabarani na madai mengine yataendelea kumfuata muuzaji, huku mnunuzi akikosa uthibitisho kuwa gari ni lake.

Viwango vya kodi vinaweza kubadilika kila tarehe 1 Julai Sheria ya Fedha inapoanza kutumika. Wananchi wa Songea, Mbinga, Nyasa, Namtumbo na Tunduru wanashauriwa kupata ufafanuzi katika ofisi za TRA mkoani Ruvuma kabla ya kufanya malipo yoyote nje ya nchi.