Ulinunua Boksi, Sasa Unalipa Kodi: Historia ya Photoshop na Matoleo Yake

Mtu wangu, kama unapiga kazi za posta na kava za nyimbo, hii unaijua: usiku umeapdeti programu, asubuhi mteja anataka faili lake na ile plagini yako haifunguki. Ilianzaje hii?

Photoshop 1.0 ilitoka Februari 1990, mikono ya ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, na ilikuwa ya Macintosh tu. Enzi hizo unanunua boksi, unalipa mara moja, basi. Toleo ni lako hata lichakae. Mwaka 2003 Adobe wakaja na Creative Suite, fungu la programu zao, na 2012 ikatoka CS6.

Mei 2013 mambo yakageuka. Adobe wakatangaza hakuna CS7, matoleo mapya yote ni Creative Cloud, yaani unalipia kama kodi ya chumba. Watu walichachamaa, maelfu wakasaini ombi mtandaoni. Wapi! Ila tuseme ukweli, Photoshop CS6 peke yake ilikuwa dola 699 kwa mkupuo, kwa hiyo kwa kijana anayeanza, kulipa kidogo kidogo kulikuwa na nafuu. Shida ni kwamba ukiacha kulipa, mlango unafungwa.

Mei 2019 ndo wengi wakashtuka. Adobe waliwaandikia wateja kuwa baadhi ya matoleo ya zamani ya Creative Cloud hawana tena ruhusa ya kuyatumia, na ya kupakua yatabaki mawili makubwa ya karibuni. Oktoba mwaka huohuo, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, wakatangaza kufunga akaunti za Venezuela. Baadaye walipata kibali wakaghairi, lakini ujumbe ulishafika: mpangaji si mwenye nyumba.

Sasa ufanyeje? Kabla ya kuapdeti, zima kile kipengele cha kufuta matoleo ya zamani, mawili yanakaa pamoja bila ugomvi. Kazi uliyoianza kwenye toleo la zamani imalizie hukohuko. Za InDesign hifadhi na nakala ya IDML, toleo la nyuma litaifungua. Na kila kazi iliyokwisha, weka PDF pembeni, hiyo haikudai kodi.

Wewe bado uko na CS6 ama ushahamia? Funguka hapo chini.