Mizani imegoma

Wadau, wiki ya tatu hii mizani imegoma, na zimebaki kilo mbili tu! Mwenzangu wa chumbani anasema nimezembea. Aende maktaba asome historia. Mwaka 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa miezi sita, huku wakitembea kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito. Ila mwanzoni kilo zilishuka haraka, mwishoni kwa kujivuta, maana mwili nao ulibana matumizi: mapigo ya moyo yalipungua, baridi ikawasumbua. Hao nao walizembea? Juzi nilitaka kuacha kula usiku kabisa. Nimeghairi, jana nimekula ugali maharage, kipimo kilekile. Jumamosi napima tena.