Barua Zisizo na Sahihi

Mwaka 1972 kilichapishwa Lisbon kitabu ambacho si riwaya, wala diwani, wala mkusanyiko wa insha, bali ni hayo yote kwa pamoja. Kiliitwa Novas Cartas Portuguesas, yaani Barua Mpya za Kireno. Watunzi wake walikuwa wanawake watatu: Maria Isabel Barreno, Maria Teresa Horta na Maria Velho da Costa.

Umbo lake lilichotwa katika kisa cha kale. Mwaka 1669 zilichapishwa Paris barua tano za mapenzi, zilizosemekana kuwa za mtawa wa Beja, Mariana Alcoforado, kwa afisa wa Kifaransa aliyemtelekeza. Leo wataalamu wengi huamini kuwa mtunzi wake alikuwa mwanamume Mfaransa. Hata kilio cha mwanamke, basi, kilikuwa kimeazimwa. Watatu hao wakakirejesha kwa wenyewe.

Kwao nyumba ya watawa ilikuwa sitiari ya Ureno. Sheria ya Kiraia ya 1966 ilimfanya mume kuwa kichwa cha familia. Tangu 1961 vijana walipelekwa vitani Angola, kisha Guinea na Msumbiji, na wengine wengi walihamia Ufaransa kutafuta kazi. Ndiyo maana sauti za kitabu ni nyingi: mke aliyeachwa na mhamiaji, binti, mtawa, askari aliye Afrika.

Serikali ya Marcelo Caetano ilikipiga kitabu marufuku, na watunzi wakashitakiwa kwa kukiuka maadili. Hapo umbo likageuka ngao. Hakuna kipande kilichotiwa sahihi, na polisi walipotaka kujua nani aliandika kipi, wote watatu walikataa kusema. Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Dola ilitafuta kidole kimoja, ikakuta mkono mzima. Ughaibuni, wanawake waliandamana kuwatetea.

Si kitabu kilichoiangusha serikali. Waliofanya hivyo tarehe 25 Aprili 1974 ni wanajeshi waliochoshwa na vita vya makoloni. Mwezi Mei mahakama iliwaachia huru watunzi. Katiba ya 1976 ikatangaza usawa, na mwaka 1977 sheria ikamwondolea mume ukuu wa familia. Yaliyoitwa matusi mwaka 1972 yakawa haki ndani ya miaka mitano.

Horta, wa mwisho kati yao, alifariki mwaka 2025. Vipande vya kitabu vingali havina sahihi.