Kutoka Faili hadi Bomba: Sitiari ya Maji katika Mawasiliano ya Michakato ya Kompyuta

Njia kongwe ya kuwasilianisha michakato miwili ya kompyuta ni faili. Mchakato wa kwanza huandika matokeo yake na kukoma. Wa pili hulifungua faili na kusoma. Uhusiano wao ni ule wa mwandishi na msomaji: hawalazimiki kuishi wakati mmoja, na maandishi hubaki baada yao.

Mwaka 1964, Doug McIlroy wa Bell Labs, Marekani, alipendekeza kwamba programu ziunganishwe kama vipande vya mpira wa kumwagilia bustani. Wazo hilo lilisubiri hadi mwaka 1973, Ken Thompson alipoliingiza katika mfumo endeshi wa Unix. Tangu hapo, matokeo ya mchakato mmoja yakawa ingizo la mwingine, yote miwili ikiwa hai.

Waliofaidika mapema ni wachakataji wa matini. Kikagua tahajia cha Steve Johnson cha mwaka 1975 kilikuwa mfululizo wa programu ndogondogo: kutenga maneno, kuyapanga kialfabeti, kuondoa yanayojirudia, kisha kuyalinganisha na orodha ya kamusi. Utaratibu huo ulibeba dhana fiche kuhusu lugha. Ukitumiwa kwa Kiswahili bila uchanganuzi wa mofimu, neno sahihi kama *hatukumwona* litahesabiwa kosa, kwa kuwa kamusi huorodhesha *ona* pekee. Bomba hupitisha maneno, haliyachambui.

Hata hivyo, tofauti kati ya faili na bomba isikuzwe kupita kiasi. Katika toleo la 6 la Unix, la mwaka 1975, data za bomba zilitunzwa katika faili lisilo na jina. Zilipofika baiti 4096, mwandishi alisimamishwa hadi msomaji azimalize. Kilichobadilika, basi, hakikuwa chombo bali wakati: usomaji haukungoja tena uandishi ukamilike.

Hapo ndipo uteuzi wa istilahi unapopata uzito. *Mfereji*, kwa maana ya mtaro wa wazi, hudokeza mtiririko usiozuiwa. *Bomba*, neno lenye asili ya Kireno, hutaja njia ya maji na pia kile kinachofunguliwa na kufungwa. Kwa kuwa historia ya dhana hii ni ya kupitisha na kuzuia kwa zamu, *bomba* ndiyo istilahi inayoibeba kwa ukamilifu zaidi.