Hangaiko, Si Wasiwasi

Kipeperushi kilichonifikia kutoka kliniki moja ya ngozi upande huu wa Mlima Kenya kina kichwa hiki: "Wasiwasi wa Pumu ya Ngozi kwa Watu Wazima". Nilikisoma nikitafuta ni nani hasa mwenye wasiwasi, mgonjwa au pumu.

Tuanze na pumu. Neno hilo limevuma kwa majirani zetu wa Tanzania, na halikosi mantiki: ukurutu na pumu ni maradhi ya ukoo mmoja, aghalabu humpata mtu yuleyule au ndugu wa tumbo moja. Lakini pumu ni jamaa ya pumua, na ngozi haina mapafu. Mwambie mzee wa Maua au Runyenjes kwamba ana pumu ya ngozi, atakuuliza ile dawa ya kuvuta inauzwa wapi. Ukurutu tunao kamusini. Kosa lake pekee ni kufanana na kurutu wa jeshi, na sijaona mgonjwa aliyepigishwa gwaride kwa sababu hiyo.

Balaa kubwa ni wasiwasi. Asili yake ni waswas ya Kiarabu, yaani mnong'ono, ule unaotajwa katika sura ya 114 ya Kurani, unaopenyezwa vifuani mwa watu. Mafakihi wakalitumia kwa mtu anayerudia udhu tena na tena kwa kushuku kwamba haukutimia. Matabibu wa Kiarabu wa leo wakalifuatisha hapohapo: kwao ni maradhi ya kurudiarudia jambo bila kuweza kujizuia, na hali tunayoijadili hapa, anxiety kwa Kiingereza, wanaiita qalaq. Wenye neno wamekwisha kulipa kazi nyingine. Sisi tuliolikopa ndio tunaoling'ang'ania.

Hapa kwetu, isitoshe, limechakaa. "Usiwe na wasiwasi" husemwa na kondakta, karani wa benki na muuza nyanya. Mgonjwa akiambiwa ana wasiwasi, anaelewa kwamba hana kitu. Namjua mama mmoja wa sokoni Embu ambaye hampi mteja chenji mkononi; huiweka juu ya gunia, kisha huvuta mkono haraka ndani ya sweta, watu wasione vidole vilivyopasuka wakadhani vinaambukiza. Haviambukizi. Usiku hujikuna, asilale, akaamka akihofia siku inayokuja, na hofu ikazidisha mwasho. Muuguzi alimjibu, "Mama, ondoa wasiwasi." Yeye alikuwa amesema, "Hii ngozi inanihangaisha sana."

Neno lilikuwa limeshatamkwa, bila posho ya kikao. Kuhangaika ni kutotulia, huku na huku, kwa mwili na moyo pamoja, jambo ambalo wasiwasi, uliokaa kichwani tu, hauwezi kulibeba. Lile dodoso la maswali 7 lililotungwa Marekani na kuchapishwa mwaka 2006 kwa kupima hali hii linauliza, katika swali la 5, kama mtu hukosa utulivu hata ikawa vigumu kukaa mahali pamoja. Ukiulizwa hivyo kwa Kiswahili, utajibu kwa kitenzi gani kingine? Tena kitenzi hiki kinazaa: ukurutu humhangaisha mtu, mtu huhangaika, naye akihangaika hujikuna. Mzunguko mzima wa maradhi umo katika mnyambuliko wa shina moja.

Nililipeleka pendekezo hili mbele ya wanaojiita walinzi wa istilahi. Likaelezwa kuwa ni neno la sokoni. Bwana mmoja, ambaye heshima ya lugha inanizuia kumtaja, alipigania wahaka. Wahaka ni neno zuri la kamusi, lakini nani huwahaka? Halina kitenzi, na kuanzia Chuka hadi Nkubu sijamsikia mtu akilalamika kwamba ana wahaka. Wengine walitaka fadhaa, ambayo ni ya aliyefumaniwa, si ya aliyeishi na mwasho miaka 20.

Kwa matumizi, basi: hangaiko kwa umoja ndiyo istilahi, mahangaiko tuwaachie wanasiasa. Andika "hangaiko la ukurutu sugu", "ana hangaiko", "kipimo cha hangaiko". Kipeperushi nimekirudisha kikiwa na wino mwekundu, na kliniki haijanijibu.