Radhi ya Mama na Chozi la Msomaji

Machozi yanayowatoka wasomaji wa Kiswahili wanaposoma riwaya inayohusu mama na msamaha yana historia ndefu kuliko riwaya yenyewe. Kabla ya kitabu cha kuchapwa kumfikia msomaji aliyejitenga chumbani, upwa wa Afrika Mashariki ulikwisha kuwa na desturi mbili zilizouandaa moyo wake: desturi ya kuomba radhi kwa mzazi, na desturi ya kusomeana tendi kwa sauti mbele ya wasikilizaji waliokusanyika. Riwaya ilizirithi zote mbili, ikaigeuza ile ya kwanza juu chini, na mgeuko huo ndio unaofaa kuchunguzwa, kwa kuwa ndani yake mna sababu ya msomaji wa leo kulia mahali ambapo babu yake angeduwaa.

Neno radhi lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili limebeba maana mbili zisizotengana. Kwanza ni ridhaa, yaani hali ya moyo wa mzazi kuwa mweupe kwa mwanawe. Pili ni msamaha, kama inavyosikika mtu anapomwambia mwenzake "niwie radhi". Hata hivyo, radhi na msamaha si kitu kimoja. Msamaha hufuata kosa linalojulikana, na watu wa rika moja wanaweza kupeana, ilhali radhi hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na huombwa hata pale ambapo hakuna kosa lililotajwa. Kijana anayeondoka kwenda nchi ya mbali, bibi harusi anayetolewa kwao, na mtu anayejiandaa kwenda Hija, wote hupita kwanza kwa wazazi kutaka radhi. Mama huwa ameketi mkekani au ukingoni mwa kitanda, mtoto hupiga magoti na kuishika mikono yake, na mama hutamka kwa kinywa chake kwamba yu radhi naye, kisha humwombea dua. Kutamka huko kuna uzito wake, kwani radhi iliyobaki moyoni bila kusemwa haimtoshi anayeondoka, na mtu ambaye mambo yake yameharibika mfululizo husemwa kuwa amekosa radhi ya wazee, hata kama hakuna anayekumbuka alimkosea nani.

Jirani ya neno hilo lipo neno buriani, ambalo siku hizi hutumiwa zaidi kwa maana ya kuagana na marehemu, ingawa kutakana buriani kulikuwa ni kuagana kwa kuombana radhi, kila mmoja akimwondolea mwenzake deni la makosa kabla ya safari au kabla ya mauti. Lipo pia neno uchungu, linalotaja ladha ya shubiri, huzuni ya moyo na maumivu ya mwanamke anayejifungua, bila lugha kuona haja ya kuyatenga mambo hayo matatu. Mwandishi wa Kiswahili anayeandika habari za mama huanza na mtaji huo, na anaposema kwamba mama aliona uchungu, msomaji hana budi kuusikia uzazi ndani ya huzuni.

Maandishi yanayoonyesha desturi ya radhi kwa ukamilifu ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyepambana na majeshi ya Sultani wa Zanzibar na kufariki mwaka 1856. Mjane huyo, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima wasia wa beti zinazozidi kidogo mia moja. Utendi unaanza kwa mama kumwita binti asogee karibu na alete wino na karatasi, kwa sababu ana maneno ya kumpa. Katikati ya wasia huo anazitaja radhi tano ambazo mwanamke anazihitaji ili apate salama ya dunia na akhera: radhi ya Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya mume. Wasomaji wengi wa siku hizi husimama kwenye radhi hiyo ya tano na kuuhukumu utendi kwa ajili yake, na wana haki ya kuijadili. Lakini wanaoishia hapo hupitwa na jambo lenye simanzi kubwa zaidi, kwamba anayezitaja radhi hizo ni mama anayejua kuwa siku zake ni chache, na kwamba yeye ni mmojawapo wa hao watano. Mafunzo ya nyumba, ya ndoa na ya ulimi ni mwili wa utendi, bali roho yake ni mama anayetoa radhi yake mapema na kuiweka kwenye karatasi, ili binti asije akaitafuta siku ambayo mwenye kuitoa hayupo.

Utendi huo haukusomwa kimoyomoyo. Ulinakiliwa kwa mkono katika hati ya Kiarabu, ukahifadhiwa majumbani, na wanawake waliojifunza kusoma katika chuo cha Kurani waliwasomea wenzao kwa kughani, yaani kuyatoa maneno kwa mahadhi yaliyo kati ya kusema na kuimba. Umbo la utendi lenyewe husaidia hali hiyo. Ubeti una vipande vinne, kila kipande kikiwa na mizani minane, yaani silabi nane. Vipande vitatu vya kwanza huwa na kina chao kinachobadilika kutoka ubeti hadi ubeti, lakini kipande cha nne huishia kwa kina kile kile tangu mwanzo wa utendi hadi mwisho, na kina hicho kisichobadilika huitwa bahari. Msikilizaji aliyeketi kwa saa nzima huizoea bahari hiyo jinsi mtu wa pwani anavyozoea wimbi linalorudi ufukweni, hata masikio yake hulingojea kabla halijafika, na jambo zito linapoangukia juu ya kina hicho, humkuta tayari ameshalegea. Kilio katika hadhara ya namna hiyo hakikuwa aibu wala siri, kwa kuwa wote waliokuwapo walilisikia neno lile lile kwa wakati mmoja, na aliyefuta machozi kwa ncha ya kanga aliona mwenzake akifanya vivyo hivyo.

Mama alililiwa hata pale alipokuwa mnyama. Utendi wa Ngamia na Paa, unaotokana na masimulizi yaliyoenea katika ulimwengu wa Kiislamu, unasimulia habari za paa jike aliyekamatwa, ambaye anamwomba Mtume apewe ruhusa ya kwenda kuwanyonyesha watoto wake kisha arudi kwa aliyemfunga. Mtume anakuwa mdhamini wake, paa anakwenda, na anarudi. Nguvu ya kisa hiki imo katika kurudi huko, ambako ni kutimiza ahadi na papo hapo ni kuwaaga watoto, na msikilizaji aliyepata kumwacha mtoto nyumbani kwa sababu asiyoweza kuikwepa hakuhitaji kufafanuliwa maana yake.

Riwaya ilipoanza kuandikwa kwa Kiswahili katika karne ya 20, haikuiacha desturi ya radhi mara moja. Shaaban Robert, aliyeandika riwaya, insha na mashairi, alifiwa na mkewe Amina, na katika kitabu chake cha maisha yake akaingiza tendi mbili za wasia, Utenzi wa Hati kwa binti yake Mwanjaa na Utenzi wa Adili kwa mwanawe Hussein. Hapo baba alikalia kiti ambacho Mwana Kupona alikuwa amekikalia, akatoa kwa kalamu yake wosia ambao kwa desturi binti angeupata kwa mama. Umbo ni lile la Mwana Kupona, lakini nafasi ya mama iko wazi, na huenda hiyo ndiyo mara ya kwanza katika fasihi ya Kiswahili iliyochapishwa ambapo uzito wa mama unapimwa kwa ukubwa wa pengo aliloliacha.

Mgeuko wenyewe ulikuja miaka ya 1970. Mwaka 1971 J.W.T. Allen alichapisha mkusanyiko wa tendi sita, wa Mwana Kupona na wa Ngamia na Paa zikiwamo, na mwaka huo huo ikatoka Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Humo Rosa analelewa na baba mlevi na mkali, Zakaria, ambaye ulinzi wake juu ya binti ni kipigo, na mama mvumilivu, Regina, ambaye anapigwa na hana neno linaloweza kusimama mbele ya mumewe. Rosa anapopata uhuru wa shule hana silaha ya kuutumia, anaangamia, na mwishowe anajiua. Kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya namna kilivyoeleza mambo ya mapenzi, na mjadala wa marufuku hiyo ulifunika jambo jipya zaidi lililokuwamo, kwamba kwa mara ya kwanza wasomaji wengi wa Kiswahili waliwekwa upande wa mtoto dhidi ya wazazi, wakaulizwa kama baba na mama wanastahili kusamehewa na binti waliyemzaa. Katika mpangilio wa radhi tano swali hilo halina pa kukaa, kwa kuwa radhi hushuka, haipandi. Regina ndiye anayeumiza zaidi, maana hakufanya ubaya wowote wa kutajwa. Kosa lake ni kunyamaza, na msomaji anayemwonea huruma hujikuta anamlaumu, kisha anajilaumu kwa kumlaumu.

Said Ahmed Mohamed, mwandishi kutoka Zanzibar, alikwenda mbali zaidi katika Utengano, iliyochapishwa mwaka 1980. Jina la riwaya ni muhtasari wake: Maksuudi, mwenye mali na jina, anamtoa mkewe Tamima nyumbani, na binti yao Maimuna, aliyefungiwa ndani maisha yake yote, anabaki bila mama na hatimaye anatoroka kwenda kwenye maisha yaliyomuumiza. Maksuudi anaporomoka hadi ufukara. Mtu aliyezaliwa katika mila ya pwani anajua kwamba mtoto aliyetoroka bila kuaga amekosa radhi, na kwa hiyo anangoja kumwona Maimuna akirudi kwa magoti. Riwaya inampa sura nyingine, ya mzazi aliyepoteza haki ya kupigiwa magoti. Wasomaji waliolikasirikia jambo hilo na wale waliolililia walikuwa wanagusa ufa ule ule.

Mwaka 1996 Ken Walibora alileta Siku Njema, na hisia za wasomaji wa Kenya kwa kitabu hicho ni za aina ya peke yake, kwani wapo walioanza kujiita kwa jina la mhusika wake mkuu, Kongowea Mswahili. Kongowea ni mtoto wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarab wa Tanga, aliyemlea peke yake huku majirani wakimsimanga mtoto kwa kutojulikana baba yake. Mama anafariki mapema, na safari yote ya kijana, kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba, inafanyika chini ya kivuli cha mama huyo. Walibora alifanya jambo la busara kubwa: hakumtetea Zainabu kwa hoja, bali alimwacha mwanawe ampende mbele ya wasomaji, na jamii iliyomnyooshea kidole ikajikuta ndiyo inayohitaji kumwomba radhi maiti. Mwandishi huyo alipofariki Nairobi mwezi Aprili mwaka 2020, wengi waliomwomboleza walikuwa wanamlilia mtu waliyekutana naye darasani tu, kupitia kwa mama aliyemtunga.

Katika Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta K. Matei iliyotoka mwaka 2014 na ikawa kitabu teule, yaani kitabu kilichochaguliwa kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, mama haji tena peke yake. Riwaya hiyo inatokana na majeraha ya ghasia zinazofuata uchaguzi, na ndani yake familia zinavunjika na kuungwa upya kwa vipande vya familia nyingine. Naomi anamwacha mumewe Lunga pamoja na watoto. Watoto wanatawanyika, wawili kati yao wakiibwa na kijakazi, Sauna. Na kila mmoja analelewa na mwanamke asiyemzaa, kama Umulkheri anavyopokewa na Apondi, ambaye naye anabeba majonzi yake. Hapo orodha ya Mwana Kupona inakutana na hesabu isiyoifahamu, kwa kuwa imeacha nafasi moja ya mama, na Umulkheri anao wawili: aliyeondoka bila kutaka buriani, na aliyebaki bila kulazimika. Matei hamlazimishi mtoto kumsamehe Naomi, wala hamfanyi Naomi kuwa jini, na kwa kukataa njia hizo mbili nyepesi anamwachia msomaji mzigo ambao zamani uliamuliwa na mila. Msomaji analia kwa sababu anatafuta mtu wa kutamka neno la radhi, na ukurasa haumpi mtu huyo.

Vitabu teule vimerudisha pia jambo lililodhaniwa kufa pamoja na hati za mkono. Nakala zinapokuwa chache, mwanafunzi mmoja husoma kwa sauti na darasa zima hufuata, watatu wakiinamia kitabu kimoja chenye jalada lililofunikwa kwa gazeti. Hakuna mahadhi wala bahari, na mwalimu hukatiza mara kwa mara kueleza tashbihi au kuuliza sifa za mhusika, kwa kuwa mtihani hauulizi nani alilia. Lakini watoto hao wanapokutana na ndugu waliotenganishwa, au na mama aliyeondoka, sauti ya msomaji huanza kukwama. Yeye hukohoa, husogeza kidole chini ya mstari kana kwamba amepotea, kisha hukisukuma kitabu kwa jirani yake, na jirani huendelea kuanzia neno lile lile.